Pakiti inasema wiki 12, petunia zangu zimechanua wiki ya 16. Wanaootesha maua ya polepole kwa mbegu tukutane hapa

Baraza la Tengeru

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Tengeru, Arusha. Barazani kwangu nina makopo 22 ya rangi, yale ya lita nne, nimeyatoboa chini kwa msumari wa moto. Mwaka jana binti yangu alikuwa na sendofu tarehe 14 Desemba, hapa hapa nyumbani. Nikajiapiza kwamba siku hiyo baraza lote litakuwa zambarau na jeupe, petunia za kuotesha mwenyewe, siyo za kununua barabarani. Pakiti iliandika wiki 10 hadi 12 tangu kusia mpaka ua la kwanza. Nikahesabu kurudi nyuma, nikaongeza siku chache za dharura, nikasia tarehe 15 Septemba.

Sendofu ikafika, baraza kijani tupu. Majani mazuri kweli, yamejaa hadi yanamwagika nje ya kopo, lakini ua hata la kusingiziwa hakuna. Shemeji mmoja akaniuliza kama huo mchicha ni wa kuuza. Mpambaji akafunga maua ya plastiki kwenye nguzo, mimi nikajifanya nashughulika na maturubai.

Ua la kwanza lilifunguka tarehe 18. Siku nne baada ya wageni kuondoka! Na hata hilo lilikuwa kwenye makopo manne tu ya karibu na mlango. Yale mengine 18 yalinisubirisha hadi tarehe 5 Januari, wiki 16 kamili.

Sasa nisaidieni hapa. Pakiti ni moja, udongo nimeuchanganya kwenye karai moja, maji ya pipa moja, siku ya kusia moja. Kitu pekee ninachokiona tofauti ni kwamba yale manne yapo chini ya taa ya ulinzi, balbu ya zamani ya waya, wati 60, inayowaka usiku kucha. Nina dhana yangu ila nataka kuwasikia kwanza.

Nikisema maua ya polepole sizungumzii zinia wala kosmosi. Hizo unamwaga mbegu chini, unageuka, zimechanua. Nazungumzia petunia, begonia, lisianthasi na jamii hiyo, ambazo mwezi mzima wa kwanza unatunza kitu cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti.

Mzee wa Njia Fupi

Mwalimu, pole na mchicha. Ila si ungenunua miche iliyoanza kuchanua kabisa? Miezi minne kwa ua la kopo, mimi siwezi.

Baraza la Tengeru

Ningenunua ningepata rangi aliyonayo muuzaji, ambayo kwa huku kwetu ni pinki, na kesho yake pinki. Halafu mkuu, mimi ni mstaafu. Miezi minne ninayo.

Dada wa Sinza

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Dar, ghorofa ya pili, kibaraza changu kinapata jua la asubuhi. Nimejaribu petunia mara tatu. Mara ya kwanza hazikuota kabisa. Mara ya pili zikaota, siku ya tano zikalala zote kama zimekatwa na uzi pale shinani. Mara ya tatu zikaota tatu, nikazihamisha, zikafa. Naomba utueleze unavyosia, hatua kwa hatua kama mwanafunzi wa darasa la tatu.

Baraza la Tengeru

Marahaba binti yangu. Hiyo ya kulala shinani ni kinyausi, ukungu wa kitaluni. Chanzo chake karibu kila mara ni udongo mchafu, maji mengi na hewa iliyosimama. Hiyo ya kutoota kabisa nadhani ulifukia mbegu. Nimebahatisha?

Mbegu ya petunia inahitaji mwanga ili iote. Gramu moja ina mbegu karibu 10,000, kwa hiyo ukiifunika na udongo hata wa unene wa kucha umeizika. Mimi nafanya hivi. Nachukua kopo la keki la plastiki angavu lenye mfuniko, natoboa chini. Udongo wangu ni mboji iliyokomaa niliyoichekecha kwa chujio la chai, unga wa makumbi ya nazi, na mchanga wa mto kidogo. Samadi mbichi marufuku, itaunguza. Mchanganyiko wote naumwagia maji yanayochemka, naacha upoe usiku mzima. Asubuhi nasawazisha, nabonyeza kwa kitako cha kikombe hadi uso uwe kama meza.

Mbegu nazimwaga kwenye karatasi nyeupe. Hapo unazima feni, na wajukuu unawatuma dukani. Nalowesha ncha ya kijiti cha meno, nagusa mbegu moja, inanata, naigusisha udongoni, inaachia. Moja moja. Msimu ule nilipanda 60 kwa kopo, ilinichukua dakika 40 na miwani miwili. Sifukii chochote. Napulizia maji laini kama ukungu, nafunika, naweka dirishani penye mwanga lakini jua lenyewe lisipige, maana kopo lililofungwa juani linageuka sufuria.

Joto zuri ni kati ya nyuzi 22 na 25. Siku ya nane nilihesabu 41 zimetoka. Ukiona nusu yake zimenyanyua vijani viwili, anza kufungua mfuniko, saa moja leo, mawili kesho, mpaka uondoe kabisa ndani ya siku nne au tano. Wengi wanakosea hapo. Wanaona umande kwenye mfuniko wanafurahi, kumbe ndio kinyausi kinakaribishwa chai.

Maji toka hapo usimwagie juu. Weka kopo kwenye sinia lenye maji, udongo unywe kutokea chini, ukiona uso umebadilika rangi toa.

Kuhamisha subiri majani halisi mawili au matatu, siyo yale vijani vya kwanza. Na mche ukiushika, shika jani, usishike shina. Jani likivunjika linaota jingine, shina likipondeka umemaliza. Nadhani zile tatu zako ziliishia vidoleni.

Dada wa Sinza

Nilifukia. Na nilishika shina. Mwalimu umeniona kwa dirisha?

Mama Bustani Limuru

Hamjambo wote. Mimi niko Limuru, Kenya, na naongezea kuhusu lisianthasi, kwa sababu hilo ua limeninyoosha.

Kwa wasiolijua, ni lile linalofanana na waridi laini bila miiba, shina refu, na kwenye chombo cha maji linakaa wiki mbili bila kuinama. Wauza maua wa City Market pale Nairobi wanalipenda. Asili yake ni nyika za Marekani, Texas na majirani zake hadi Mexico, lakini Wajapani ndio waliokaa nalo tangu miaka ya 1930 wakalifanya liwe na rangi zote hizi na petali nyingi.

Msimu wangu wa kwanza nilisia Januari, ndani ya nyumba ya nailoni. Mbegu zake zinakuja zimevikwa udongo, kama vidonge vidogo vyeupe, kwa hiyo kupanda ni rahisi kuliko hiyo kazi ya mwalimu ya kijiti. Ila kidonge lazima kilowe mpaka kipasuke na kisikauke tena kabla mbegu haijatoka. Kikikauka katikati, kinakuwa saruji.

Ziliota vizuri, wiki mbili hivi. Halafu Februari ikaja na jua lake. Mchana ndani mle kulikuwa kunapita nyuzi 30. Miche ikaanza kulala chini, majani yanazungukana kama kabichi ndogo, na hapo ndipo ilipokwama. Machi kabichi, Aprili kabichi, Juni bado kabichi. Nikaongeza mbolea, nikapata kabichi kubwa.

Baadaye nikaeleweshwa na mkulima mwenye uzoefu kwamba lisianthasi changa ikipigwa na joto, hasa usiku usipopoa, inajikunja hivyo na inagoma kutoa shina. Huwezi kuidanganya kwa mbolea. Sasa nasia mwanzo wa Juni, baridi ya Limuru ikiwa imekaa, naweka miche mahali penye mwanga na hewa, nailoni nimeiinua pande zote mbili. Tangu kusia hadi kukata ua ni miezi sita, mara nyingine zaidi. Miezi miwili ya kwanza haina kimo hata cha sentimita tatu. Jirani yangu alidhani ni magugu akataka kunisaidia kung'oa.

Hamburg Bila Jua

Nimeona uzi nikasema lazima niingie. Mimi ni mtoto wa Moshi, ninaishi Hamburg, naotesha petunia na begonia kwenye dirisha la jikoni kila mwaka.

Mwalimu, dhana yako najua ni ipi na nadhani uko sahihi. Ni urefu wa siku.

Petunia hupima saa za mwanga. Siku ikizidi saa 13 hivi, inaharakisha kuchanua. Siku ikiwa fupi zaidi, haigomi, lakini inachelewa, na huo muda inautumia kutoa matawi na majani. Ndio ule mchicha wa shemeji yako. Arusha mko karibu nyuzi tatu na nusu tu kusini mwa ikweta, siku yenu ni saa 12 na dakika kidogo, Januari hadi Desemba. Hamjawahi kuwa na siku ya saa 13. Huku kwangu mwezi Juni mwanga unafika saa 17. Pakiti yako iliandikwa na mtu ambaye mbegu anaisia mwisho wa baridi na mche wake unakua siku zikirefuka kila wiki. Kwake wiki 12 ni kweli.

Huku shida yetu ni ya upande wa pili. Nasia katikati ya Februari, jua linachomoza kivivu na kuzama mapema, siku ni saa 10 tu na mawingu juu. Bila taa, miche inarefuka kama nyuzi za tambi na kuanguka. Naiwekea taa sentimita 15 juu ya miche, saa 14 kwa siku. Na nje siitoi hadi katikati ya Mei. Wajerumani wana siku zao za watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15 Mei, bibi yoyote wa huku atakwambia kabla ya hapo usithubutu. Mwaka mmoja nilithubutu tarehe 3. Asubuhi nilikuta begonia zimekuwa kama mboga iliyochemshwa.

Begonia nazo ni habari nyingine, gramu moja ina mbegu karibu 70,000. Ni vumbi. Ukipiga chafya umepanda sebule nzima.

Mzee wa Njia Fupi

Nyie wataalamu, si inawezekana ni joto la balbu tu? Wati 60 si mchezo, kuku wangu vifaranga nawalea kwa hiyo hiyo.

Baraza la Tengeru

Swali zuri, na nililiwaza. Taa iko juu ya kizingiti, kopo la karibu liko mita mbili kutoka kwenye balbu. Vifaranga wako ukiwaweka mita mbili watakufa. Nilining'iniza kipimajoto usiku mmoja kwenye kopo la mlangoni na kingine kwenye la mwisho wa baraza, saa 10 alfajiri vyote vilisoma 16. Kwa hiyo joto nimelitoa.

Hamburg, umenipa nilichokuwa natafuta. Mimi dhana yangu ilikuwa "mwanga unaongeza chakula", lakini nikajiuliza, balbu hafifu namna ile inaongeza chakula gani? Kumbe mmea hauli ule mwanga, unasoma saa.

Hamburg Bila Jua

Hapo hapo. Mwanga hafifu unatosha kuuambia mmea kwamba jua halijazama. Na bahati yako ni hiyo balbu ya zamani, mwanga wake una wekundu mwingi, hata ule wekundu wa mbali ambao macho yetu hayauoni vizuri, na petunia inausikia. Balbu mpya zenye mwanga mweupe wa baridi hazifanyi kazi hiyo vizuri kwa petunia.

Si lazima iwake usiku kucha pia. Washa saa 12 jioni, zima saa 4 usiku, siku yako imekuwa saa 16.

Pwani Unguja

Mnanifurahisha wataalamu wa pakiti. Kuna ua moja kwenye hizo pakiti za maua ya msimu ambalo ni la kwetu, impatiensi, lile la kivulini lenye petali bapa na kibegu kinachopasuka ukikigusa. Linaota lenyewe kwenye misitu yenye unyevu kuanzia Kenya na Tanzania kushuka hadi Msumbiji. John Kirk, balozi wa Uingereza hapa Unguja, alipeleka mbegu bustani ya mimea ya Kew, London, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Hooker akalitangaza kwa jina la *Impatiens sultani*, heshima kwa Sultani wa Zanzibar. Wakati ule ni Sayyid Barghash. Baadaye ikaonekana ni ua lile lile ambalo tayari lilikuwa na jina la *walleriana*, la mmisionari Horace Waller, na jina la zamani ndilo lililobaki. Sultani akapoteza ua.

Ulaya wanalipanda kila mwaka kwa sababu baridi inaliua. Huku likipata kivuli na maji linaishi miaka. Hata hizo petunia na begonia zenu asili yake siyo ya mwaka mmoja, ni baridi ya huko ndiyo inayozihukumu.

Dada wa Sinza

Nimejifunza mengi, ila narudi kwangu jamani. Dar joto, Dar mvua. Nisie lini?

Baraza la Tengeru

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipopotea mwanzoni. Pakiti yangu iliandika "sia wiki 10 kabla ya baridi ya mwisho". Baridi ya mwisho ipi, Tengeru? Nikatafsiri kichwani kwamba Julai ikiisha. Sasa nimeacha kuangalia baridi, naangalia mvua. Petunia za maua makubwa zikipigwa na mvua moja ya masika zinageuka karatasi ya chooni iliyolowa. Zile za maua madogo mengi zinavumilia kidogo.

Kwa Dar nadhani unataka zichanue kipupwe, Juni hadi Septemba, usiku ukiwa umepoa. Hesabu wiki 16 nyuma, siyo 12, unapata Februari au Machi mwanzoni. Miche utailea ndani masika yote, kibarazani usiitoe.

Pwani Unguja

Kwa pwani mimi ningemshauri dada aanze na vinka. Ni lile lenye petali tano, pinki au jeupe lenye jicho jekundu, linalojiotea lenyewe kando ya nyumba na makaburini. Asili yake Madagaska, na ndilo linalotoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini. La pakiti ni hilo hilo, limeboreshwa rangi na umbo. Nalo ni la polepole, miezi mitatu na zaidi, ila joto la Dar kwake ni nyumbani. Tahadhari mbili: mbegu zake ni kinyume cha petunia, zinataka giza, kwa hiyo fukia kidogo. Na usizidishe maji, linaoza mguu haraka.

Mama Bustani Limuru

Mwalimu, majani yako yalibaki kijani? Nauliza kwa sababu rafiki yangu aliyeko Arusha petunia zake zinakuwa njano juu, mishipa tu ndiyo kijani.

Baraza la Tengeru

Zilianza hivyo hivyo Oktoba. Maji ya kisima huku kwetu yana magadi, na petunia ikinyweshwa maji ya magadi inashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yapo udongoni. Nikahamia maji ya mvua ya pipa, wiki mbili majani mapya yakatoka kijani. Yale ya njano hayakurudi. Mwambie rafiki yako aangalie maji kabla ya kununua mbolea.

Mbegu za Begi

Wakuu, shangazi yangu yupo Uingereza anakuja mwezi ujao, nimuagize anitilie pakiti kwenye begi? Na nikivuna mbegu za petunia yenye milia si nitakuwa sihitaji kununua tena?

Hamburg Bila Jua

La kwanza: mbegu zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, Tanzania wahusika ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Usimpe shangazi mtihani uwanjani.

La pili: angalia kama pakiti imeandikwa F1, yaani mbegu chotara. Kama ndiyo, hiyo milia ni ya kizazi hicho tu. Nilivuna mwaka mmoja, nikapata nyeupe, zambarau iliyopauka, na moja ndefu kama fimbo. Milia hata moja.

Baraza la Tengeru

Mrejesho wakuu.

Nimesia tena tarehe 1 mwezi huu, zimeota 47 kati ya 60. Safari hii nitagawa makopo sawa kwa sawa, 11 chini ya taa na 11 mwisho wa baraza, nimeshavuta gunia kama pazia katikati ili mwanga usivuke. Dada wa Sinza amenitumia picha, vinka zake zimetoka, hakushika shina.

Tatizo lililobaki ni LUKU. Nimepiga hesabu, wati 60 usiku kucha ni kama uniti 21 na nusu kwa mwezi, nikizima saa 4 usiku ni saba tu na kitu. Mama watoto naye amepiga hesabu yake, ananiuliza kwa nini mchicha unasomea usiku kuliko watoto wa shule. Kuanzia leo nazima saa 4. Ua la kwanza likifunguka nitaweka picha hapa hapa.